Droo ya A

Karani wa kadi katika kituo chetu cha majani chai, hapa karibu na Sosiot, ana kabati la chuma la droo ishirini na sita. Lililetwa na lori kutoka Nairobi mwaka wa sabini, kila droo na herufi yake, na yeye anatumia moja tu. Wanaume wa hapa karibu wote ni arap, yaani mwana wa fulani, basi ametupanga wote kwa A. Droo hiyo haifungiki tena. Ameizungushia kamba ya katani. Ndani ya ile ya M ameweka kibuyu chake cha mursik, yale maziwa yetu ya kuganda. Analamba kidole, anachomoa kadi, anaipangusa kwa mkono wa sweta, anasoma jina polepole kama tangazo la kanisani, halafu anairudisha. Kadi mia sita! Na bila namba iliyo kwenye kadi, majani yako hayapimwi.

Jana majani kikapuni mwangu yalikuwa yameanza kunyauka mgongoni.

“Mzee, mimi ni arap Korgoren. Si ungetuweka kwa K?”

“Mashine ya malipo kule Nairobi inasoma jina kutoka mbele,” akasema bila kuinua macho. “Mbele yako kuna K?”

Akalamba kidole.

“Lakini mzee, tumepakana shamba. Kwani hunijui?”

“Nakujua tangu ulipokuwa unanyonya,” akasema, akichomoa nyingine. “Sasa ngoja kadi nayo ikujue.”