Rimoti ya Kavutha

Kwa miaka kumi na minane Mwongeli alikaa mbele ya ubao wa simu mjini Machakos, vipokea sauti masikioni, akichomeka nyaya kwenye matundu ili mama wa Kithyoko azungumze na mwanawe wa Mombasa. Mitambo mipya ilipokuja ubao uling'olewa, naye akarudi Mitaboni kulima maharagwe. Mikono yake lakini haikusahau nyaya. Redio ya jirani ikianza kukohoa, ilipelekwa kwake.

Msimu wa mvua uliopita, dada yake mkubwa, Kavutha, aliteleza shambani akavunjika nyonga. Baada ya kutoka hospitali alitandikiwa kitanda sebuleni kwa Mwongeli, kando ya dirisha linaloelekea vilima. Mwanamke aliyekuwa akienda Machakos kwa miguu na kurudi siku hiyohiyo sasa alishinda akitazama dari. Hakulalamika. Alizidi tu kunyamaza, kama mtu anayeondoka polepole naye amelala palepale.

Mwongeli alikuwa na diski yenye video za marehemu mumewe, Onesmus, aliyekuwa akipiga picha harusi na kazi za kijiji. Televisheni ilikataa kuzisoma. Basi akaomba kompyuta kuukuu iliyotupwa stoo ya kanisa, akapangusa vumbi, akaiwekea programu huria ya kuonyesha filamu. Hizo ni programu ambazo watu wa nchi nyingi huziandika pamoja na kuzitoa bure. Kwake Mwongeli zilikuwa mwethya tu, kazi ya ujima, kila mtu na jembe lake, shamba la mmoja leo, la mwingine kesho.

Siku ya kwanza picha zilitokea bila sauti. Watu walicheza, wakapiga makofi, wakafungua vinywa, kimya kama samaki. Mwongeli alitazama nyuma ya kompyuta kwa muda mrefu, mchana ukijikokota dirishani. Kisha akaelewa. Sauti ilikuwepo, ila ilikuwa ikitumwa kwenye tundu la spika ambazo hazikuwepo, badala ya kupita kwenye waya ulioenda televisheni. Laini imeunganishwa kwa mtu asiye nyumbani. Akaibadilisha kwenye mipangilio, na chumba kikajaa vigelegele vya harusi ya zamani.

Ikabaki rimoti. Kavutha hakutaka kuomba kila kitu kama mtoto; alitaka kubonyeza mwenyewe. Mwongeli alichomeka kwenye kompyuta kipokezi kidogo cha rimoti, akachukua rimoti ya deki ya video iliyokufa, lakini mashine haikuitambua. Akaandika swali kwenye ukurasa wa watumiaji wa programu ile, kwa Kiingereza chake cha ofisini. Siku mbili baadaye akajibiwa na mtu wa Brazili: kila kitufe kina namba yake, zisome, uziandike kwenye faili, mashine itajifunza.

Kwa hiyo mchana wote wa Jumanne, Kavutha alibonyeza kutoka kitandani na Mwongeli akaandika. Vitufe thelathini na kimoja. Polepole Kavutha akaanza kuuliza. Hiki ni cha nini? Na hiki? Kimoja kilikuwa na maandishi ya Kichina ambayo hakuna aliyeyajua.

"Hiki niachie mimi," Kavutha akasema. "Kiwe cha kurudisha picha nyuma kidogo tu. Mtu anapopita kabla sijamtazama vizuri."

Ikawa hivyo. Alasiri jua lilipolala juu ya blanketi, akafungua mwenyewe video ya wanawake wakichimba matuta ya shamba. Vumbi jekundu lilielea kama moshi, majembe yakipanda na kushuka, na katikati yao alikuwa Kavutha mwenyewe, kijana, kitambaa cha njano kichwani, akiruka mtaro bila kuutazama. Hakujishughulisha sana na yule kijana. Aliitazama pembe ya picha, mahali mama yao aliposimama akiwa amewapa mgongo. Akabonyeza kile kitufe. Mama akarudi, akainua jembe, akaushusha mkono. Akabonyeza tena. Na tena.

"Mwaitu angegeuka tu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Hageuki, dada. Lakini msikilize. Anayeanzisha wimbo ndiye yeye."

Kavutha akafumba macho. Sauti ilitoka nyembamba, imechakaa pembeni, ikaita, na wengine wakaitikia. Wakati fulani Mwongeli alihisi kana kwamba ukuta umesogea na shamba lile limeingia hadi ukingoni mwa kitanda, na harufu ya udongo uliopinduliwa. Akamwona dada yake akiitikia pia, midomo tu kwanza, kisha kwa sauti. Naye akashika sauti ya pili. Chai ikapoa mezani.

Wiki iliyofuata Mwongeli aliituma faili yake kwa waandishi wa programu, ili mwenye rimoti kama ile asihangaike. Waliipokea, wakaweka jina lake kwenye orodha ya waliochangia. Yule Mbrazili akamwandikia pongezi. Mwongeli akamsomea dada yake barua hiyo kwa Kikamba. Kavutha, ambaye sasa aliweza kuketi na kuning'iniza miguu, alisikiliza hadi mwisho, akatafakari, akataka kujua kama huko Brazili nako wanachimba matuta.

Mwongeli akasema atamuuliza.