Matundu Manne

Mtu aliyefungua kufuli za watu kwa miaka ishirini na sita hashiki kitu bila kujiuliza nani alikishika kabla yake. Ndivyo alivyokuwa fundi wetu wa kufuli. Ukimpa kikombe cha chai, kwanza anakigeuza atafute ufa. Mkewe alikwisha kuzoea. Alikuwa akiwaambia majirani, "Mimi sikuolewa na mume, niliolewa na upelelezi."

Sasa Jumamosi moja bahasha ikarudi.

Ngoja niwaeleze bahasha yenyewe. Walikuwa wanne, wapiga picha wa kujifurahisha tu, hakuna aliyekula kwa kamera: fundi kufuli, mama mmoja mshonaji wa sare za shule, mwashi aliyeitwa Chumvi, na muuza dawa. Kwa miaka sita bahasha moja ya kaki ilizunguka kati yao kwa mpango ule ule. Ikikufikia unatoa picha yako ya zamani, unatia mpya uliyoichapisha mwenyewe nyumbani, unaandika maoni kwa penseli nyuma ya picha za wenzako. Unakaa nayo wiki moja, kisha unampelekea anayefuata.

Fundi alitoa picha yake ili asome maoni. Mshonaji ameandika, "Mwanga mtamu, shemeji." Muuza dawa: "Safi sana." Na Chumvi, ambaye jina hilo alilipata kwa kutafuta kidonda ili akitie: "Nyeusi imezidi. Rudia."

Hayo hayakumshtua. Kilichomshtua ni tundu kwenye pembe ya karatasi. Akatazama pembe ya pili, ya tatu, ya nne. Matundu manne. Akavuta droo na kutoa picha zake za nyuma, akazishika moja moja dirishani. Tisa kati ya hizo zilipitisha mwanga pembeni.

"Kuna mtu anazibana ubaoni," alimwambia mkewe.

"Na akizibana?"

"Picha inabanwa ubaoni ikae sawa, ili uipige picha. Ukishaipiga, ni yako. Maktaba wanatangaza maonyesho ya picha mwezi ujao. Mimi nitakwenda pale nikute kazi yangu ina jina la mtu mwingine!"

Mkewe akaacha kukunja nguo. "Na ile yangu?"

Hapo ndipo palipouma. Mke huyu hakupenda kupigwa picha hata kidogo. Akiona kamera anageuza shingo. Fundi alimvizia miaka kumi na moja, mpaka siku moja akamnasa mlangoni anacheka, mkono umefunika mdomo na macho yamefumba kabisa. Mkewe alikubali ichapishwe kwa sharti moja: iende kwenye bahasha, waione wale watatu, irudi. "Nikisikia sura yangu iko kwenye ukuta wa watu," alisema, "utalala na hiyo printa yako."

Picha yenyewe ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa gazeti. Fundi alipoteza jioni tatu kwa ajili yake. Printa iliziba wino mara mbili, na alikata vipande vyembamba vya karatasi kumi na viwili akijaribu weusi wa mlango mpaka ukakubali. Hajawahi kuchapisha picha bora kuliko ile. Akaapa haitatoka nyumbani mpaka mwizi ajulikane. Asipojulikana, anajitoa kwenye bahasha.

Nani mwenye pini? Hilo nalo swali! Jumatatu akabeba ile picha yenye matundu mpaka kwa mshonaji.

"Shemeji, leo unanitazama kama mimi ndiye kufuli," mshonaji alisema, mdomo umejaa pini.

Fundi akaweka picha mezani. Mama yule akaitazama, akamtazama yeye, kisha akacheka hata pini zikamwagika. Akaokota moja, akaitia kwenye tundu. Ikapita na kichwa chake, ikaanguka chini.

"Unaona? Pini yangu inaogelea humo. Huo ni msumari, fundi. Na wewe mtu wa matundu, umeshindwa na tundu!"

Fundi alitoka pale masikio yanamwaka. Msumari! Bahasha ikitoka kwa mshonaji inakwenda kwa nani? Kwa mwashi. Yule yule wa "Rudia." Anayekuponda ili usijue anakuibia.

Alimkuta Chumvi anakula mchana. Nyumba ni chumba kimoja, meza moja, kiti kimoja. Ukutani, mbele ya kiti, kulikuwa na misumari minne myembamba, na katikati yake mstatili uliobaki mweupe wakati ukuta wote umeshika moshi. Fundi hakuhitaji rula. Ulikuwa ukubwa wa picha zake.

"Kamera iko wapi?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Kabatini. Karibu kwanza, ndugu yangu."

"Unazipiga picha zangu?"

Chumvi akatafuna, akameza. "Nizipige ili iweje?"

"Niambie wewe. Misumari ni ya nini?"

"Ya kutazama." Mwashi akafuta mikono. "Za wenzetu naziona mara moja, naandika. Zako zinanichelewesha. Naitundika pale, nakula nayo wiki nzima. Siku ya saba ndiyo naona kilichonisumbua. Ile ya mwisho, weusi ulimeza miguu ya yule mzee wa pichani. Siku sita sikuona."

Fundi alitazama kiti. Kilikuwa kimegeuzwa kutoka dirishani, kinaelekea ukuta.

"Siku zote hizo, mbona hukusema?"

"Nikuambie nakula na picha yako? Si ungeota mapembe!"

Jioni fundi alimweleza mkewe yote, hakuficha misumari wala ukuta. Akangoja aambiwe akalale na printa.

Mkewe alifunua gazeti juu ya kabati, akajitazama kwa muda mrefu.

"Wiki nzima, umesema?"

"Wiki nzima."

"Wewe ulinitazama muda gani humu?"

Fundi akafikiria vile vipande kumi na viwili. "Nilikuwa natazama mlango zaidi. Ulikuwa mgumu kuchapa."

"Nilijua." Akamrudishia picha. "Chapa nyingine. Uache ukingo mweupe, mpana, Chumvi asije akanitoboa sikio. Na akiandika 'Rudia', mwambie aje aniambie mwenyewe."

Fundi akawasha printa. Kisha, kwa kuwa ni yeye, akachukua rula, akapima upana wa sentimita tatu kila upande, na pembeni, kwa penseli, akaweka nukta nne.