Shangazi Aliyetupangia Safari ya Kipini

Nililala chumba kimoja na mama nisiyemjua. Nikamwita shangazi. Nikamkanda mgongo kwa mikono yangu hii miwili mpaka akakoroma.

Siku ya pili ndipo tukagundua kwamba kati yetu, mimi na rafiki yangu, hakuna aliyewahi kumwona kabla ya safari ile.

Ngoja. Usicheke kwanza, nikueleze vizuri.

Naitwa Josephine. Hapa Garsen wengi wananiita Ticha, maana asubuhi nafundisha watoto wa chekechea. Mchana nashona. Nina kibanda karibu na soko, mimi na rafiki yangu Abdia. Cherehani mbili, meza moja, sare za shule na madera. Miaka tisa.

Abdia ni Mworma, mtu wa maneno mengi na roho safi. Mimi ni Mpokomo, mtu wa kununa. Watu walitupa miezi mitatu. Tukawashangaza.

Mwaka huu, Julai, nikapata barua. Kuanzia Januari nahamishiwa shule moja kule Chewele.

Nikaikunja ile barua, nikaitia kwenye mkebe wa vifungo. Sikumwambia Abdia.

Ningemwambiaje? Kibanda chetu hakina dakika mbili za utulivu. Ukifungua tu mdomo, mtu ameleta suruali ipunguzwe.

Nikasema, bora nimtoe. Nimpeleke baharini, ale samaki, acheke, halafu nimwambie pole pole.

"Abdia, twende Kipini," nikamwambia. "Siku tatu. Ufuo, magofu ya kale, kulala."

Alirusha mkasi.

"Wallahi, Ticha? Sisi? Kupumzika kama wenye pesa?"

"Kama wenye pesa."

Siku hiyo alishona mikono miwili ya kushoto kwenye dera moja.

Nikafungua grupu la WhatsApp. Nikaliita KIPINI SIKU TATU, HAKUNA KUSHONA. Simu ya Abdia ilikuwa imetumbukia kwenye beseni la kufulia wiki ile, kwa hiyo alikuwa na laini mpya. Akaniandikia namba kwa chaki ya kushonea, juu ya kipande cha kitambaa. Nikaiingiza haraka haraka, nikakimbia darasani.

Jioni Abdia akaniuliza, "Mbona sijaona grupu?"

"Ni netiweki hiyo," nikasema. Nikamtumia linki, akaingia.

Kumbe saba ya kwenye namba yake nilikuwa nimeisoma moja.

Nilipofungua grupu nikakuta tuko watatu. Wa tatu ana picha ya ua jekundu, jina lake Mwanahamisi. Ameandika: "Asalaam aleikum. Kipini mnakwenda lini?"

Nikajua moja kwa moja. Abdia ameleta shangazi yake.

Roho iliniuma kidogo, sikufichi. Lakini utamfukuzaje shangazi wa mtu?

Kabla sijajibu, Abdia akaandika, "Karibu sana shangazi! Ijumaa tarehe kumi na tano."

Nikasema moyoni, si unaona? Nami nikaandika, "Karibu shangazi."

Abdia naye kumbe alikuwa amemkuta ndani akaona, aha, Ticha ameleta shangazi yake.

Dakika kumi nzima nikawa naangalia simu. "Mwanahamisi anaandika..." Inapotea. "Anaandika..." Inapotea.

Mwishowe Abdia, ambaye kimya humpa homa, akauliza, "Shangazi, unapenda kulala upande wa dirisha ama wa mlango?"

"Dirisha," akajibu. "Asante, mwanangu."

Kuanzia hapo safari haikuwa yetu tena.

Mama yule alipanga! Alitafuta nyumba ya kulala, ya dada mmoja wa Kipini aitwaye Ruwaida. Aliuliza habari za maji kujaa na kukupwa. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu ratiba inaingia:

"Ijumaa. Saa mbili, kuondoka Garsen. Saa sita, chakula. Saa saba hadi saa tisa, kulala. KULALA, nimesema. Jumamosi asubuhi, magofu. Viatu vya kufunga. Abdia, usije na visigino."

"Shangazi ni moto!" Abdia akaniambia kibandani.

"Moto wa kuotea mbali," nikajibu. Nikadhani anajisifia ukoo.

Sasa sikiliza kosa langu lingine. Usiku mmoja nikamwandikia shangazi pembeni, inboksi. Nikamweleza yote. Barua, Chewele, na jinsi ninavyoogopa kumwacha Abdia peke yake na kibanda.

Akajibu neno moja: "Mwambie."

"Siwezi, shangazi."

"Basi ukifika baharini. Lakini umwambie."

Ijumaa ikafika. Mama mmoja mrefu akashuka kutoka basi la Hola, kofia ya ukili kichwani juu ya mtandio, begi mkononi. Akatukumbatia mmoja mmoja kwa nguvu, kama anakamua nguo.

Tukakodi gari, probox. Kipini, Ruwaida alikuwa mlangoni anatungoja.

"Ndooni, ndooni ndani! Yeo mumetoka mbali!" akatuita tuingie.

Wali wa nazi. Samaki wa kupaka. Achari ya embe iliyomfanya Abdia alie huku akiongeza nyingine. Kisha tukalala kwa amri, saa saba hadi saa tisa. Tangu nizae sijawahi kulala mchana namna ile.

Saa kumi tukashuka ufuoni.

Shangazi alisimama kwanza. Akatazama. Halafu akaingia majini na buibui lake lote, mpaka kiunoni. Akachota kwa kiganja, akaonja.

"Ina chumvi!" akapiga kelele. "Jamani, ina chumvi kweli!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye mchanga. Nilidhani anatuchekesha tu. Wimbi likampiga mgongo, likamwangusha, akainuka anacheka na kofia haipo. Abdia akaifukuza ile kofia ufuo mzima, anapiga vigelegele kama bibi harusi ni yeye.

Ndiyo maana ya kumkanda mgongo usiku ule. Nilimkanda kwa heshima zote za shangazi wa rafiki yangu.

Na neno langu sikulisema. Kila nikifungua mdomo, Abdia ananiangalia kama naye ana la kusema, halafu anauliza kama bado kuna achari.

Jumamosi asubuhi Ruwaida akatupeleka kwenye magofu ya Ungwana. Kuta za msikiti wa kale zimesimama, makaburi marefu yamekatwa nakshi, miti imepenya katikati ya mawe. Abdia alilizunguka kaburi moja mara nne nzima, anapapasa nakshi. Nilizihesabu.

"Simameni niwapige picha," Ruwaida akasema, simu mkononi. "Mpwa akae karibu na shangaziye. Rafiki asongee pembeni kidogo."

Nikasonga pembeni.

Abdia naye akasonga pembeni.

Mama akabaki peke yake katikati, mbele ya mihrabu.

"Abdia, rudi kwa shangazi yako," nikamwambia.

"Shangazi yangu? Si shangazi yako?"

"Yangu? Mimi nina shangazi mmoja, yuko Ngao, na hana hata simu!"

"Aki Ticha, usinitanie."

Tukamgeukia mama. Ruwaida simu yake bado iko juu.

"Mama," Abdia akauliza, sauti imekuwa nyembamba, "wewe ni nani?"

Akavua kofia.

"Naitwa Mwanahamisi. Hilo ni kweli. Nilikuwa karani wa zamu za maji mashambani, kule Hola. Nimestaafu. Mliniingiza kwenye grupu kwa makosa. Nilijua siku ile ile."

"Na ukanyamaza!" nikasema. Nilikuwa nimewaka. Siri yangu yote anayo mtu wa kuokotwa!

"Niliandika 'mmekosea namba.' Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta. Halafu huyu akaniuliza nataka dirisha ama mlango." Akamwonyesha Abdia kwa kidole. "Mume wangu amefariki mwaka wa sita huu. Watoto wananipigia, wananiuliza dawa nimemeza? Hakuna anayeniuliza napenda dirisha ama mlango."

Hasira yangu ikayeyuka, sikujua hata imekwenda wapi.

"Kwa hiyo Kipini hukuwa unakujua?" Abdia akauliza.

"Bahari sijawahi kuiona mpaka jana. Habari zote nilimsumbua Ruwaida kwa simu. Miaka thelathini na moja nimegawa maji ya mto huu unaoingia baharini hapa Kipini, shamba kwa shamba. Nilitaka kuona yale yaliyonipita huwa yanakwenda wapi."

Abdia akaanza kulia. Ruwaida naye akalia. Mimi nilikuwa na jambo lingine la kuuliza.

"Na... yale ya inboksi? Umemwambia mtu?"

Abdia akageuka ghafla. "Inboksi gani? Hata wewe ulimwandikia?"

Mama Mwanahamisi akatutazama mmoja mmoja, uso mkavu kama wa karani.

"Mimi sina la kusema. Ndiyo maana niliandika kwenye ratiba, Jumamosi, magofu, hakuna wateja. Semeni."

Tukasema. Wote wawili, kwa pamoja, kama watoto wangu wa chekechea.

"Nahamishwa!"

"Naolewa!"

"Unaolewa na nani?"

"Farah, yule wa ng'ombe! Tangu Juni nashindwa kukwambia. Nitaenda kukaa kwake. Niliogopa nitakuachaje peke yako na kibanda. Wewe unahamishwa wapi?"

"Chewele. Farah anakaa wapi?"

"Madogo."

Tukatazamana.

"Chewele," akasema pole pole. "Madogo."

"Madogo. Chewele."

"Ticha! Si ni barabara moja!"

Alinirukia tukaanguka kwenye majani. Miezi yote ile kila mmoja anamficha mwenzake kwamba anaondoka, na kumbe tunakwenda upande mmoja! Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mama Mwanahamisi alikaa kwenye jiwe, anajipepea kwa kofia, anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi.

"Sasa," Ruwaida akauliza, "picha nipige ama nisipige?"

Akapiga. Katika picha ile mimi nina majani kichwani, Abdia kiatu kimoja hana.

Siku ya tatu tulifanya jambo moja tu, kula.

Nikumalizie hivi, ndugu msomaji. Yule mama alitusaidia, Mungu ambariki, na sasa yeye ni shangazi yetu kweli. Lakini tulibahatika. Mimi na Abdia tulikuwa tunakaa kiti kwa kiti, goti kwa goti, na bado kila mmoja alimpelekea siri yake mtu asiyemjua hata sura, kwa sababu kumwambia mwenzake kulimtia hofu.

Kama kuna mtu wako, na kuna neno, usilipeleke pembeni. Zima cherehani, mgeukie, umwambie leo.