Taa Zilizogoma Kuzima

Ijumaa nilitoka Kidahwe kuja mjini na kigari changu chakavu, taa za hazadi, zile za tahadhari, zikipepesa zenyewe. Nilibonyeza kitufe, nikakipiga ngumi, wapi! Nikaendelea polepole.

Mwendesha bodaboda akavua kofia na kusogea pembeni. Mbele, akina mama waliobeba ndoo za mawese wakasimama kimya mpaka nikapita. Mzee mmoja akaniinulia mkono: "Poleni sana."

Sikuelewa hadi nilipofika Kasingirima kwa fundi umeme wa magari, mama wa makamo. Alinipokea kwa sauti ya chini. "Pole, baba. Umembeba marehemu nani?"

"Sijabeba mtu, mama. Ni taa zimegoma kuzima."

Alicheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akachomoa kitufe; taa zikaendelea. "Umekipiga ngumi bure, hakina kosa." Akafuata nyaya kwa vidole hadi akakuta mbili zimeyeyuka mpira na kugusana. Akazitenganisha, akazifunga tepu. Taa zikatulia.

"Zimepona. Ila sasa hakuna atakayekupisha."

Kweli, kurudi nilipigiwa honi njia nzima.

Mimi ni mtumishi wa umma niliyehamishiwa huku, sina hata shangazi mkoani, na nimewaza mara nyingi: nikifia huku, nani atanisindikiza? Sasa najua. Ninyi watu wa huku mlivua kofia kabla hata ya kuuliza msiba ni wa nani.

Asanteni. Siku mkiliona gari langu linapepesa taa tena na dereva ni mtu mwingine, mjue safari hiyo taa ni nzima.