Swali la Kapteni Makokha

Siku ya mahojiano yangu ya kazi ya urubani naikumbuka kwa sababu ya viatu. Vilikuwa vya ndugu yangu mdogo, na vilinibana hadi nikaingia mbele ya wale makapteni watatu nikitembea kama mtu aliyekanyaga miiba. Cheka tu, mwanangu, wewe unayejiandaa kwenda kwenye mahojiano kama yale. Mimi siku hizi sicheki sana nikiikumbuka.

Aliyeniuliza swali la mwisho alikuwa Kapteni Makokha, mtu wa Matungu, mwenye sauti nzito na mikono mikubwa ya mkulima wa miwa. "Mimi nakaa kiti cha kushoto, wewe cha kulia," akasema. "Nikikosea tukiwa hewani, utafanya nini?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelikariri wiki nzima huku nikipalilia mahindi ya baba hapa Lumakanda, Lugari. "Nitakuambia waziwazi, Kapteni. Usiposikia, nitarudia. Usiposikia tena, nitashika usukani mwenyewe."

Akacheka. "Haya, kijana wa Lugari. Tutaona."

Kazi nikapata, tena nikawekwa chini yake. Alinifundisha mengi: kusoma mawingu, kukagua magurudumu kwa mkono wala si kwa macho tu. Akitoka nyumbani aliniletea ingokho, nyama ya kuku aliyopika mkewe, Mama Amina, tukaila tumekaa kwenye ngazi ya ndege. Nilimpenda mzee yule, nakwambia.

Lakini sikiliza nilivyolelewa. Kwetu humwambii mzee kwamba amekosea. Unazunguka. Baba akitaka kupanda mahali maji yanaposimama, humwambii, "Baba, mbegu zitaoza." Unamuuliza, "Baba, ile mvua ya mwaka jana, maji yalifika wapi hapa?" Naye anatazama chini, anakohoa kidogo, anageuza ng'ombe wa kulima. Hakuna aliyeaibika. Ni adabu nzuri, sijaidharau hata leo. Shambani mzee ana muda wa kukohoa.

Asubuhi moja tulibeba dawa kupeleka kiwanja kidogo cha ndege huko kaskazini. Mawingu yalikuwa yamelala chini sana. Tulikuwa tumekubaliana kimo ambacho hatutashuka chini yake mpaka tukione kiwanja. Kapteni akashuka, akakitafuta, hakukiona, akazidi kushuka. Nikatazama kipima kimo nikaona tumeshapita tulipokubaliana. Karibu na kiwanja kile palikuwa na kilima, nami nilikijua. Sasa unajua nilisema nini, mwanangu? Nilisema, "Kapteni, kile kilima si kiko karibu karibu na hapa?"

"Tumeshakipita," akajibu, macho yake yakiwa nje.

Hatukuwa tumekipita. Saa na ramani mbele yangu vilinionyesha hivyo. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Niliona haya. Niliogopa kumfanya mzee wangu aonekane hajui kazi yake. Palikuwa na muda wa kuhesabu polepole mpaka kumi na tano, na "Paisha ndege" ni maneno mawili tu.

Tukakigonga kile kilima. Yeye alifariki palepale. Mimi nilitolewa na mguu uliovunjika, ndio huu unaoniona nimeunyoosha. Sikurusha ndege tena. Nikarudi kwenye mahindi.

Siku ya arobaini nilikwenda Matungu kwa magongo. Mama Amina akanikalisha, akaniwekea chai, kisha akaniuliza jambo moja tu. "Mwanangu, wewe ndiwe uliyekuwa naye. Uliiona hatari? Ulimwambia?"

"Nilimwambia, mama. Hakunisikiliza."

Akatikisa kichwa, machozi yakimtoka. "Mume wangu alikuwa na kichwa kigumu," akasema. Nami nikainywa ile chai mpaka ikaisha.

Miaka mingi sikumwambia mtu yeyote habari hii. Kisha juma lililopita akaja Nekesa, binti wa yule ndugu yangu wa viatu, kutoka Shirere alikopanga chumba. Amehitimu urubani, ana mahojiano Jumatatu. Akaniomba nimuulize maswali ajizoeze. Nikamuuliza lile la Makokha. Akanijibu vizuri mno, karibu neno kwa neno kama nilivyojibu mimi, tena anatabasamu. Nikamsimulia yote, pamoja na ile chai.

Alitazama mikono yake. Kisha akasema, "Baba mkubwa, huyo mama... bado anakaa Matungu?"

Nikajua. Alikuwa anazunguka, kama nilivyozunguka mimi.

"Usiniulize anakaa wapi!" nikamwambia, na kwa ukali. "Kama una neno, liseme. Mimi ndimi kapteni hapa. Sema!"

Akainua macho. "Umekosea, Baba mkubwa. Umemwacha yule mama amlaumu mume wake bure miaka hii yote. Nenda ukamwambie ukweli."

Lo! Nikikuambia sikukasirika nitakuwa nadanganya tena. Hakuna aliyewahi kunisemesha hivyo katika boma hili. Nilitaka kumfukuza. Lakini nikaona anatetemeka mwili mzima na bado ananitazama usoni, basi nikalia, mtu mzima mimi, nikalia mbele ya mtoto. Nilipopata sauti nikamwambia, "Hivyo hivyo. Ukipewa kazi, umwambie kapteni wako hivyo hivyo."

Na wewe mwanangu, usiishie kukariri jibu. Jibu zuri nililitoa mimi na kazi nikapewa. Tafuta mtu unayemheshimu, anayekutisha kidogo, umwambie kosa lake usoni kabla hujaenda mbele ya hao wakubwa, uone mdomo wako unavyokataa kufunguka. Kapteni wako msalimie kwa heshima zote. Mwite mzee, mbebee begi ukitaka. Lakini mkiwa hewani na hatari umeiona, usiulize swali. Sema lenyewe, kwa sauti, na asiposikia sema tena. Akikasirika, mtasameheana mkishatua. Mimi na Makokha hatukupata nafasi hiyo.

Mungu akuinue na akushushe salama kila safari, mwanangu. Akupe kapteni mwenye masikio, na wewe akupe sauti. Nami uniombee. Kesho asubuhi nakwenda Matungu, na safari hii chai ya Mama Amina sitaigusa mpaka niwe nimeshasema.