Hundi Tatu Kwenye Droo

Aliyenifanyia hivi ni mshirika wangu mwenyewe wa biashara hapa Tunduma, wala simfichi: yule bwana wa mashine ya kukoboa mpunga, niliyekula naye sahani moja miaka sita. Ili apate mtaji wa kununua mpunga kule Momba, nilimkopea kwenye chama chetu cha mikopo, nikaweka rehani shamba la kahawa la marehemu mama yangu, lililoko Itaka. Kunilipa, akaniandikia hundi tatu, huku akiniita mama wa baraka.

Nikazipeleka benki. Zote zikarudi zimegongwa muhuri wa Kiingereza. Mimi niliishia darasa la nne, na kuuliza dirishani niliona aibu, foleni ndefu nyuma yangu. Nikampelekea jirani yangu, mama muuza vitenge. Alisoma ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na Kiingereza chake mtaa mzima tulikiheshimu. Akasoma polepole, kidole juu ya muhuri: "Rifa tu droo."

"Maana yake?"

"Ah, bamayo, mama yangu, nyepesi hii. Droo si droo? Wanasema zikae kwenye droo. Hela ikiingia watakuita."

Nikaziweka kwenye droo ya kabati, ndani ya kitabu cha nyimbo, zisipate mkunjo. Nikasubiri. Nikikutana na mshirika wangu ananisalimia kwa bashasha, nami naitikia tu, simdai, maana benki wameshasema. Miezi minane.

Siku watu wa chama walipokwenda Itaka na kamba kupima shamba ili walinadi, nilikimbilia benki kulia. Binti wa dirishani akanihurumia. "Mama, droo hapo ni yule aliyeandika hundi. Muhuri unasema umfuate yeye."

Nikamfuata, akanicheka. Ndipo nikaenda mahakamani.

Mshirika wangu alikuja na suti. "Mheshimiwa, huyu nilimlipa taslimu nyumbani kwake, mtunza stoo wangu akiona. Hundi alisema atazichana. Kama sikumlipa, mfanyabiashara wa Tunduma anawezaje kukaa miezi minane hadai?"

Watu wakaguna. Hata mimi niliona ana hoja. Na huyo mtunza stoo, naye simsahau, akaapa kwa Biblia.

Hakimu akanigeukia. "Mama, kwa nini ulinyamaza?"

Nilikuwa na uongo mmoja mzuri niliopewa nje, kwamba niliugua. Nikauacha. Nikaukumbuka mti wa kahawa wa mama, ule wa mlangoni kule Itaka, nikasema, "Mheshimiwa, nilidhani benki wameniambia niziweke kwenye droo."

"Droo gani?"

"Ya kabati."

Nikazitoa kwenye kile kitabu cha nyimbo, zimenyooka kama zimepigwa pasi. Hakimu akasoma muhuri kwa sauti, akavua miwani, mabega yakawa yanamtikisika. Chumba kizima kikaangua kicheko. Alipotulia akasema, "Hili mtu hawezi kulitunga." Kisha akamwuliza mtunza stoo hela zilihesabiwa wapi.

"Pale mashineni, mheshimiwa."

Bosi wake, aliyesema ni nyumbani kwangu, akafumba macho.

Niliposhinda sikuruka. Alinilipa kidogo kidogo, kwa kukimbizwa, na mpaka leo salamu yake siitikii. Mungu atanisamehe au ataniuliza. Lakini mkopo nimeumaliza, na shamba lipo.

Msimu ule nilimbebea jirani yangu kuku na debe la maharage. Aliponiona akajificha nyuma ya vitenge vyake.

"Umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kushukuru. Ungejua Kiingereza, ningemfuata siku ileile. Angenibembeleza nimrudishie hundi mbovu kwa ahadi ya kuniandikia mpya, na mimi ningempa. Leo ningekuwa na karatasi gani?"

Akatoka taratibu, akampima kuku kwa mkono. "Kwa hiyo barua zako niendelee kusoma?"

"Soma, mama. Ila za benki nitampelekea mwingine."

Tukacheka mpaka wateja wakasogea kuona. Kuku tulimla wote.