Wageni wa Nguzo ya Jiko

Mwanangu, naikumbuka vizuri asubuhi moja nilipokuwa bado bibi arusi mgeni hapa Malinya, hata njia ya kisimani naulizia. Nilikuwa nafagia uwanja, nikasikia mvumo mzito. Kutazama, kumbe ni mdudu mweusi, mnene kama ncha ya kidole gumba, mabega ya manjano, anajipenyeza ndani ya nguzo ya jiko. Tundu lenyewe lilikuwa la mviringo kama limetobolewa na fundi. Mwingine alielea hewani mbele ya uso wangu, nikisogea, anasogea.

Nilitupa ufagio nikakimbia. Shemeji yangu Musa akatoka kuona. Naye hakuwajua, ila woga haukosi jina la kukipa kitu.

"Hawa wanauanga ng'ombe," akasema.

Akafunga kitambaa kwenye mti, akakichovya mafuta ya taa, akawasha. Jiko lile liliezekwa nyasi, na juu ya mafiga ndipo tulipotundika mahindi ya mbegu ya nyumba nzima. Mvua ilikuwa karibu. Hakuna aliyewaza hayo.

Mara mama mkwe akatokea shambani, jembe begani. Hakupaza sauti, hakuwa mtu wa kelele, Mungu amrehemu.

"Musa, zima huo moto. Wamemuuma nani?"

"Bado, Mama."

"Sasa unapigana na nani?"

Musa akakisokomeza kitambaa kwenye majivu. Mama akavuta kigoda, akaniketisha kando yake, mbali kidogo na nguzo.

"Angalia, binti yangu. Nyuki wa asali wanaishianga kwa kundi. Huyu anaingia peke yake. Ni nyuki wa mbao. Huyo anayeelea mbele ya watu ni dume, hana mwiba. Jike anao, lakini usipomshika hana shida na wewe."

Tulikaa sana. Nikamwona jike akirudi, mgongo umejaa unga wa maua.

"Ametoka kwenye karakara zetu," Mama akasema. "Asipopita yeye, yale maua yanaanguka tu."

Wala hakuiacha nguzo iliwe. Makinda yalipotoka, tuliziba matundu kwa udongo, tukaipaka oili chafu, tukawawekea gogo kavu kwenye ua. Wakahamia. Mbegu tulipanda, na mwaka ule karakara zilizaa mpaka tukagawia majirani.

Mama mkwe mwingine angenicheka, hadithi ifike sokoni. Wangu alinipa kigoda. Namshukuru mpaka leo.

Basi mwanangu, ukikuta usichokijua kimejenga uwanjani kwako, simama mbali kwanza ukitazame. Wakiwa kundi, ondoa watoto na mifugo, umwite mfuga nyuki. Wakiwa mmoja mmoja, piga picha kwa hiyo simu yako uulize wanaojua. Kuuliza si ujinga. Haraka haina baraka, na moto ukishawashwa hauulizi kilicho darini.

Mungu akupe macho yenye subira. Na akuwekee nyumbani mwako mtu wa kukufundisha bila kukucheka, kama alivyoniwekea mimi.